Mlango Nilioufunga kwa Ajili ya Haki

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Bwana aliyenivumilia kuliko nilivyostahili. Nawasalimu wote mliofika, hata wewe uliyefika ukiwa bado una uchungu na mimi kwa sababu ya shauri lako. Najua mmo humu wawili au watatu, na sisemi kwamba mmekosea.

Mwinjilisti aliponiomba nitoe ushuhuda nilimwambia sina ushuhuda wa kusisimua. Wengine humu wamerudi majuzi kutoka vitani Uganda, na Bwana aliwapitisha katikati ya risasi. Mimi Bwana alinitoa kwenye kiti tu. Akasema, "Hicho hicho kiti, njoo ukiseme." Basi nimeandika, na nitasoma, maana nikisema bila karatasi nitajitetea. Nina daftari ninaloandika kila siku tangu nilipoanza kazi, na mengi nimeyatoa humo. Pale daftari lilipokosa nimemwuliza mke wangu Debora, ambaye amekaa hapo kwa kina mama.

Mimi ni mtoto wa hapa Kasulu. Nilisoma mpaka darasa la nane, nikawa karani wa mahakama, nikapelekwa kozi ya sheria ya miezi michache, nikarudi nikiwa hakimu wa mahakama ya mwanzo. Wengine huniita mwanasheria. Jina hilo lina wenyewe, waliokaa chuoni miaka, na nikiitwa hivyo husikia aibu kidogo. Lakini nisidanganye, wakati ule nilipenda kuitwa.

Nilipangiwa Kibondo. Nilikwenda na Debora na binti yetu Yusta, aliyekuwa na miaka mitatu. Debora kwao ni Kagerankanda, huku huku Kasulu, na kule Kibondo hakuwa na dada, shangazi, wala mtu wa ukoo wake. Tulipewa nyumba ya serikali karibu na mahakama, yenye ua wa minyaa kuizunguka, na ng'ambo ya minyaa kulikuwa na nyumba za majirani zimepangwa mstari kama zilivyopangwa siku zile.

Mnakumbuka ilikuwaje watu walipohamishiwa vijijini. Mtu ameacha migomba ya baba yake kule mlimani, huku amepewa kipande alichokuwa akilima mwingine. Kila mmoja ana haki yake mkononi, na zote mbili ni za kweli. Mashauri yalimiminika. Kisha hakimu wa Kitahana akahamishwa, wakubwa wakaniuliza kama naweza kuishika na mahakama ile mpaka aletwe mwingine. Nilikubali kabla hawajamaliza kuuliza. Mwingine hakuletwa.

Wale wasiojua kazi hii niwaeleze. Katika mahakama ya mwanzo hakuna mawakili. Hakimu anakaa na wazee wa baraza wawili, na ni yeye anayeuliza, ni yeye anayeandika kwa mkono kila neno analosema mdai, kila neno la mdaiwa, kila neno la shahidi. Jumatatu hadi Jumatano nilikuwa Kibondo. Alhamisi na Ijumaa napanda baiskeli kwenda Kitahana. Jumamosi nyumbani naandika hukumu. Jumapili mwanzoni nilikuwa nakwenda ibadani kisha narudi kuandika. Baadaye niliandika tu.

Sasa nifike kwenye sheria yangu, ile ambayo hakuna serikali iliyonipa. Hakimu aliyenitangulia Kibondo alisemwa sana habari ya kupokea kuku za wenye mashauri. Sijui kama ilikuwa kweli, na hayupo hapa kujibu. Mimi niliapa sitasemwa. Wiki yetu ya kwanza jirani mmoja alileta mkungu wa ndizi kutukaribisha, na Debora akaupokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa kwao. Niliporudi nilimwambia aurudishe. Aliubeba kichwani mchana kweupe, akapita nao sokoni, akaurudisha. Yule jirani hakuwa na shauri lolote. Lilikuja mwezi wa tatu, la mbuzi, na nilimwambia Debora, "Unaona?" kana kwamba nilikuwa nabii.

Baada ya hapo nikatangaza mahakamani, mbele ya watu wote, kwamba mtu yeyote mwenye shauri mbele yangu akikanyaga nyumbani kwangu nitaliandika jambo hilo katika jalada lake, na atajua mwenyewe litamfikisha wapi.

Kila nyumba katika mstari wetu ilikuwa na shauri, au ilikuwa imetoka kwenye shauri, au ilikuwa njiani. Basi Debora akazoea kuniuliza asubuhi, nikiwa nakunywa uji, "Baba Yusta, leo nani na nani?" Mimi nilikuwa namsomea orodha ya mashauri, ili akienda kisimani ajue ni nani wa kusalimia na ni nani wa kumpita. Ndugu zangu, nilikuwa najivunia jambo hilo. Niliwasimulia mahakimu wenzangu kwamba mke wangu ana nidhamu.

Yeye hakunisimulia ya kisimani wakati ule. Amenisimulia baadaye. Alikuwa akifika, wanawake wanaanza.

"Mama Hakimu, leo nasalimiwa au nimeahirishwa?"

"Mwacheni, akikusalimia mume anafungwa."

"Nisalimie mimi, shoga, mimi kesi yangu nilishindwa zamani. Sina kitu tena."

Mwanzoni alicheka nao, maana utani wao haukuwa na ubaya. Kisha akaanza kwenda kuteka maji saa saba mchana, jua likiwa utosini na kisima kikiwa hakina mtu.

Siku aliyoniambia ana mimba ya pili nimeitafuta kwenye daftari. Nimeandika hivi: "Mvua tangu asubuhi. Mashauri sita. Mawili yameahirishwa." Basi. Nimefungua ukurasa wa kabla na ukurasa wa baada, nikidhani labda niliandika kwa siku nyingine. Sikuandika.

Ng'ambo ya minyaa, katika nyumba iliyopakana na yetu, alikaa Mama Spesioza. Alikuja kutoka Burundi na watoto wake wakati ule watu walipokimbia, mume wake akabaki huko na hakuonekana tena. Ni Mkatoliki, mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa, na anajua kuzalisha. Nusu ya watoto wa mstari ule walipitia mikononi mwake. Alipomwona Debora na tumbo alimwita kutoka upande wake wa minyaa, akamwuliza miezi, akamwambia siku ikifika ampigie kelele tu.

Lakini Mama Spesioza alikuwa mdai mbele yangu. Alikuwa amefyeka shamba lililoachwa na mzee mmoja jina lake Kabura, Kabura alipohamishiwa kijijini. Akapanda maharage. Yalipokaribia kukomaa Kabura akaja, akang'oa matuta mawili, akasema ni shamba la baba yake. Nisimseme vibaya Kabura. Lilikuwa kweli shamba la baba yake, na kaburi la baba yake lipo pale pembeni, nililiona kwa macho yangu tulipokwenda kukagua. Na maharage yalikuwa kweli ya Mama Spesioza. Mimi nilitaka hukumu ambayo wote wawili wangetoka wakisema hakimu huyu ni mwenye haki. Niliahirisha mara ya kwanza nikatafakari. Nikaahirisha ya pili. Nikaahirisha mara sita. Maharage mengi yalioza shambani kwa sababu nilizuia yeyote asiyavune.

Mwezi wa saba wa mimba Debora aliniambia, "Baba Yusta, maliza kesi ya Mama Spesioza."

Nikamwambia siwezi kumaliza shauri kwa sababu mke wangu anataka.

"Basi mwambie ameshindwa."

"Unasemaje?"

"Ashindwe. Aambiwe ameshindwa, yaishe, apate kuja kwangu. Yeye mwenyewe atakubali, nimemwuliza."

Ndugu zangu, mwanamke alikuwa tayari kupoteza shamba ili aruhusiwe kumzalisha mke wangu. Mimi nilisikia neno moja tu, "nimemwuliza". Nilikasirika. Niliandika katika daftari kwamba mke wangu anajaribu kuingilia shauri. Maneno hayo yapo, na wino wake nimeukandamiza mpaka karatasi imetoboka.

Mzee Zabuloni, mmoja wa wazee wa baraza, alinishauri siku moja tukifunga mahakama. "Mheshimiwa, jitoe. Andika wilayani wampange hakimu mwingine. Huyu ni jirani yako, hakuna atakayekucheka." Ulikuwa ushauri mwema na wa halali kabisa. Lakini nilidhani kujitoa ni kukiri kwamba siwezi. Siku hizo nilikula nusu sahani na kuacha, na nikilala naona mistari ya daftari. Zabuloni aliona. Nilimwambia ni maji ya Kibondo.

Siku yenyewe. Daftari linasema Alhamisi. Debora anasema ilikuwa Jumatano na kwamba siku ile niliibadilisha kwenda Kitahana kwa sababu ya mashahidi waliokuwa wanatoka Murungu. Namwachia yeye, yeye ndiye aliyekuwepo. Asubuhi alisema mgongo unamuuma. Ilikuwa bado wiki kadhaa. Nilimwuliza kama niende au nibaki, na najua nilimwuliza nikiwa tayari nimeshika baiskeli. Alisema niende. Nilisema nitarudi mapema. Nilikuwa na mashauri kumi na moja na watu walikuwa wametembea tangu alfajiri. Nawaambia haya si kwa kujitetea. Hata ningejua, sina hakika kwamba ningebaki. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba sina hakika.

Yaliyofuata nimeyasikia kwa Debora, na kwa Mama Spesioza, na hawapingani.

Uchungu ulimshika saa nne. Alijikokota mpaka kwenye minyaa akamwita. Mama Spesioza akaja upande wake, akasimama.

"Mumeo yuko?"

"Hayupo, yuko Kitahana."

"Ndiyo kabisa siwezi basi. Atasema nilingoja atoke nikaja kukununua."

"Mama Spesioza, mtoto anakuja."

"Lala ubavu. Ubavu wa kushoto. Usisukume. Nasema usisukume!"

Alimwelekeza kwa mdomo, yeye ng'ambo, mke wangu huku kwenye majani, na Yusta amekaa karibu analia. Alipoona haiendi sawa aliwaza hospitali, lakini hospitali ilikuwa ng'ambo ya bonde, na machela inataka wanaume wanne. Akatoka mbele ya nyumba yake akaanza kupita mlango kwa mlango katika mstari ule. Alikuwa anaita, "Nani hana kesi kwa Hakimu? Mtu anazaa. Asiye na kesi aje!"

Ndugu zangu, watu walisikia. Walisimama milangoni. Mmoja alisema, "Mimi yangu ni Jumatatu." Mwingine alisema mumewe ni shahidi. Sikuja hapa kuwalaumu, walifanya nilivyowafundisha. Mama Spesioza alifika mwisho wa mstari akarudi bila mtu.

Ndipo akavuka. Hakuzunguka kwenye lango, alipasua minyaa kwa mikono, utomvu ukamwingia jichoni, na jicho lile lilivimba wiki mbili. Alifanya kazi yake huku anaona kwa jicho moja. Mtoto alikuwa anakuja ametanguliza miguu. Alimtoa. Alikuwa wa kiume, alipumua kidogo, kama mtu aliyechoka kupanda mlima, kisha akaacha.

Nilifika saa kumi. Niliona minyaa imepasuka, nikaona mlango wangu wazi, nikamwona Mama Spesioza ndani ya nyumba yangu ameinama anaosha sakafu. Mtoto alikuwa amefungwa kwenye kanga kitandani kando ya mama yake, nami sikujua bado kama analala au vipi. Neno la kwanza lililonitoka, na Mungu ananisikia, nilisema, "Nani amekuruhusu kuingia humu?"

Mama Spesioza aliinuka. Akakamua kitambaa ndani ya ndoo.

"Hakuna. Andika," akasema, akatoka.

Tulizika kesho yake nyuma ya nyumba. Zabuloni na mwenzake wa baraza walichimba. Majirani walisimama ng'ambo ya minyaa, wakaimba kutoka huko huko, hawakuingia.

Mngedhani hapo nilivunjika. Sikuvunjika. Jumatatu nilikaa kitini, na shauri la Mama Spesioza lilikuwa kwenye orodha. Nilijiambia nimesema mbele ya watu kwamba atakayeingia nitaandika, na nisipomwandikia huyu nitakuwa nimempendelea. Nikaandika katika jalada: "Mdai aliingia nyumbani kwa hakimu wakati hakimu hayupo." Nikawasomea wazee wa baraza, kama inavyotakiwa.

Mama Spesioza alikuwa amesimama mbele yangu na jicho lake limefunikwa na kitambaa. Kabura upande wa pili alikuwa ameangalia chini. Hata Kabura, ambaye maneno yale yalikuwa ya faida kwake.

Mzee Zabuloni akasema taratibu, "Mheshimiwa, umeandika aliingia. Hujaandika aliingia kufanya nini. Jalada litasomwa na wakubwa. Andika na hilo."

Alikuwa sahihi. Nikaweka kalamu kwenye karatasi niandike. Nimeandika mambo ya kuua, nimeandika mambo ya watu na ndugu zao ambayo siwezi kuyataja humu. Lile sikuweza. Mkono ulisimama, na mahakama nzima ikawa inautazama. Kabura ndiye aliyesema, "Tumwache, jamani." Niliinuka nikatoka nje nikiwa nimeacha jalada wazi, jambo ambalo hakimu hafanyi.

Siku hiyo niliandika barua ya kujitoa. Hakimu mwingine alikuja kutoka wilayani akasikiliza asubuhi moja, akaamua mchana. Shamba la Kabura, maharage yaliyosalia ya Mama Spesioza, na kijiji kimpe Mama Spesioza kipande kingine. Wote wawili walikubali. Asubuhi moja. Mimi nilikaa nalo miezi mitano.

Debora aliondoka wiki iliyofuata na Yusta, kwa lori lililokuwa linarudi Kasulu. Hakupiga kelele wala kunitukana. Nilimwuliza kama ananiacha.

"Sikuachi. Nakwenda mahali ambapo nitasalimiwa."

Nilikaa Kibondo peke yangu wiki saba. Sikuweza kuandika hata tarehe. Waliniona siwezi, wakanipa likizo, na mimi sikujua mtu aendako likizo zaidi ya kumfuata mkewe. Nilifika Kagerankanda nikidhani baba mkwe ataniita kwenye kikao cha ukoo, nimejiandaa na majibu. Alinitazama tu, akanipa jembe. Nililima nyuma ya Debora siku nzima na hakugeuka.

Jumapili nikawafuata kanisani. Nilikaa karibu na mlango. Nitasema ukweli, nilikaa nikimpima mhubiri kama ninavyompima shahidi, kwamba hapa amejipinga, hapa amesikia kwa mtu. Huyo mhubiri ndiye mwinjilisti wetu huyu, fundi cherehani, elimu yake hainizidi. Alipowaita wenye mizigo waje mbele, nilijiuliza kama ushahidi unatosha. Kisha miguu ilikwenda. Sijui kuieleza vizuri. Nilikuwa nimekaa, halafu nilikuwa nimesimama mbele.

Akaniuliza, "Ndugu, una nini?"

Nikaanza kumweleza kwa mpangilio. Kwanza, kulikuwa na upungufu wa mahakimu. Pili, aliyenitangulia alisemwa. Tatu, shauri lenyewe lilikuwa gumu. Alinisikiliza mpaka ya tatu, akanishika bega.

"Ndugu yangu, hapa hatuandiki. Sema tu."

Nikasema, "Nilikosa." Nilipolisema neno hilo sikuongeza sababu. Miaka yote sikuwahi kutoa hukumu bila sababu, na hiyo ndiyo hukumu ya kwanza niliyoitoa hivyo, nayo ilikuwa juu yangu. Nikalia, ndugu zangu, mimi ambaye kaburini sikulia. Na kilichonikalia kifuani kiliondoka. Sifa ni kwa Bwana, maana si mimi niliyekiondoa. Nilikuwa nimekishikilia kwa mikono miwili.

Sasa nisije nikawadanganya kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa matamu. Tulipotoka nilimwambia Debora nimeokoka. Akasema, "Nimesikia. Kesho tunapalilia." Ilipita mwaka kabla hajakubali kukaa tena nami nyumba moja, na sharti lake lilikuwa dogo, kwamba mahakama nikiifunga niifunge, isije na mimi nyumbani. Niliomba kuhamishiwa huku Kasulu. Mwaka uliopita waliniuliza kama naweza kushika na mahakama ya pili. Nilikataa, na nadhani kupanda cheo kumeishia hapo. Hukumu nazitoa palepale, na nikiona shauri la jirani yangu najitoa siku ya kwanza. Nakwenda misibani. Nakula nikikaribishwa. Wapo wanaosema siku hizi nimelegea, na huenda wana haki. Sijui kama nimekuwa hakimu bora. Najua saa kumi niko shambani na mke wangu, na siku nyingine ananisemesha.

Kwa Mama Spesioza nilirudi kuomba msamaha. Alinisikiliza akiwa anachambua maharage. Akasema, "Mimi nilikusamehe siku ile ile, Hakimu, maana nilikuwa na kazi, nisingeweza kufanya kazi na hasira. Lakini mkeo ana muda. Usimharakishe." Kaburi letu lipo nyuma ya nyumba ambayo sasa anakaa hakimu mwingine. Mama Spesioza ndiye analipalilia.

Basi wewe uliyekaa karibu na mlango kama nilivyokaa mimi, wewe mwenye kazi nzuri ya haki ambayo watu wanaisifu, na nyumbani kwako hakuna anayekusemesha, nakusihi. Mtegemee Bwana kabla hujawa na hakika ya kila jambo. Usingoje upate maneno yaliyopangwa. Njoo na lile neno moja. Mimi nilitaka kwanza nimjue kila mtu kama ni mwema au mbaya ndipo nimfungulie mlango, na aliyefungiwa ni mtoto ambaye hakuwa na shauri na mtu yeyote.

Nilikuwa nimemaliza kuandika hapo. Jana jioni nilimsomea Debora yote, ili kama nimesema uongo arekebishe kabla yenu kusikia. Alirekebisha ile siku ya Jumatano. Alisema pia kisima kilikuwa na watu wengi kuliko nilivyoandika. Nikadhani yaliyobaki ameyakubali.

Akasema, "Mwanangu hukumtaja jina."

Ni kweli. Jina alipewa na Mama Spesioza, alipomnyunyizia maji kabla hajakata pumzi, kwa desturi ya kanisa lao. Kwa kuwa lilitoka kwa mdai, sikuliandika popote, si kwenye daftari, si kwenye msalaba, wala sikulitamka mbele ya mama yake miaka yote hii. Debora amekuwa akilitamka peke yake.

Namshukuru Bwana aliyenipa pumzi ya kufikia mstari huu. Mwanangu anaitwa Anselmo.